Rangi ya Mlango

Darini, chini ya vigae vyenye theluji ya Februari,
ndugu yangu Vendelín anaijenga upya Suchá Lípa,
moja kwa mia na ishirini,
kwa hiyo mlima unamfika kifuani
na padri wa parokia hazidi punje mbili za mchele.
Sitanii. Nimempima.

Mlima ni magazeti na plasta.
Bei za viazi za mwaka sabini na nne
zimezikwa chini ya msitu,
na msitu ni sifongo iliyosagwa
kwenye mashine yangu ya nyama
(soseji za Pasaka zilitoka na vitone vya kijani, tukazila).
Udongo ni machicha ya kahawa.
Tunakunywa vikombe sita kwa siku, wala si kiu:
shamba la Hrdlička bado halijalimwa.

Kokoto za reli anazipanga kwa brashi ya kope,
brashi yangu, niliyoinunua kwa harusi ya mpwa wetu,
kisha anadondosha gundi iliyozimuliwa,
tone,
tone,
pumzi ameibana
kama anayemtia mtoto dawa ya jicho.

Baba alikuwa mkuu wa stesheni ile.
Tulizaliwa ghorofani, juu ya dirisha la tiketi;
treni ya saa kumi na mbili kasoro dakika nane
ndiyo iliyokuwa jogoo wetu.
Leo pale pana ghala la matairi.

Basi, mlango.
Mlango wa chumba cha kungojea aliupaka bluu.
Nikasema, ulikuwa kijani.
Akasema, bluu.
Kijani, Vendo. Ulinibana kidole,
nilikaa nao uso kwa uso nikilia.
Bluu, akasema, na hakuinua macho.

Siku tatu hatukusemezana.
Kichwa cha treni kilizunguka kati yetu na mabehewa manne,
mjumbe asiye na barua.
Usiku nilipanda ngazi kwa soksi
nikaupaka kijani.
Asubuhi ulikuwa bluu.
Usiku, kijani. Asubuhi, bluu.
Mlango ule, mdogo kama ukucha wa gumba,
ukanenepa kwa rangi
hata ukagoma kufunga.

Ndipo Radim, binamu yetu, akaja kwa baiskeli
na ubao kwapani.
Stesheni ilipobomolewa aliokota mbao zake
akajengea banda la kuku, na banda limeoza.
Tuliuweka juu ya meza ya jikoni. Ulinuka kuku.
Vendelín akachukua kisu chake cha kukatia miti midogo,
akakwangua polepole, bila kutoboa.

Kwanza kinyesi. Kisha kijivu cha Radim.
Kisha bluu.
Akanitazama. Sikusema kitu.
Akaendelea kukwangua,
na chini ya bluu, kijani kikatoka
kibichi kama jana.

Nimemtangulia miaka saba.
Hatukuwa tumewahi kuzihesabu kwa rangi.

Tungeweza kuishia hapo, tukacheka, tukanywa kahawa,
shamba likapata machicha.
Lakini kisu kilikuwa bado mkononi,
na chini ya kijani palikuwa na nyekundu,
nyekundu iliyokolea, ya zamani kuliko sisi wote,
ambayo hatukuwahi kusimuliwa na mtu.

Akaung'oa mlango mnene kwa kibano,
akachonga mwingine.
Nyekundu, tukangoja ikauke.
Kijani niliipaka mimi, mkono ukitetemeka.
Bluu yeye.
Halafu kwa ncha ya sindano, usawa wa kitasa,
pale viganja vya abiria vinaposugua,
akachubua kidogo mpaka kijani ikachungulia.

Nyekundu hatukuigusa.
Ipo.

Taa ya jukwaani, taa ndogo kama mbegu ya ufuta, iliwaka.
Treni ya asubuhi ikaingia, imechelewa dakika mbili
kwa sababu Radim aliegemea waya.